Chenso mbili za zamani, cc zilezile, kazi tofauti: nilivyonunua, nilivyozipima na nilivyouza moja

Mimi shughuli zangu ni miti, niko Mafinga, na huku Mufindi ukiwa na chenso nzima kila siku unaitwa kazini. Nilianza na mashine za kukodi, unakata magogo ya paina kutwa nzima halafu jioni mwenye mashine anachukua chake wewe unabaki na hela ya mboga, nikasema hapana, lazima nipate yangu hata kama ni ya zamani. Mpya hela haikutosha. Na ukweli zile za zamani za kazi, zenye kasha la magnesiamu, siyo hizi ndogo za kupunguzia matawi nyumbani, zikitunzwa zinadumu sana, hapa mtaani zipo zimeingia kabla mimi sijaanza shule na bado zinaangusha milingoti, ile mikaratusi.

Ya kwanza nilinunua kwa macho. Jamaa mmoja alikuwa na Husqvarna imeandikwa 272 XP, stika inang'aa, akaivuta mara moja ikawaka, nikatoa laki sita na nusu. Porini nikaona mbona haina nguvu, gogo la paina tu inaanza kulalamika, nikanoa cheni, nikabadili plagi, hola. Nikampelekea fundi wangu, mzee mmoja ametengeneza hizi vitu miaka mingi. Nikamwamkia kamwene baba, akasema kamwene mwanangu, leta tuione. Akafungua silinda, akachukua venia, kile kipimo cha chuma cha kupimia upana, akapima, milimita 48. Akanitazama akasema hii siyo 272, hii ni 61 imevalishwa shati la mwenzake.

Hapo ndipo akanifundisha kitu ambacho kila anayenunua Husqvarna za zamani inabidi akijue. Model 61, 268 na 272 ni ndugu wa tumbo moja, kasha ukiliangalia kwa nje hutofautishi, stroki, yaani mwendo wa pistoni, yote ni milimita 34, tofauti iko kwenye upana wa silinda: 48 ni 61, 50 ni 268, 52 ni 272. Piga hesabu mwenyewe utaona, 48 inakupa ujazo wa injini wa cc 61 na nusu, 50 inakupa karibu 67, 52 inakupa 72. Yaani mimi nililipia 72 nikabeba 61. Stika inauzwa, kava la juu linauzwa, lakini silinda haidanganyi. Iliniuma sana, maana ile hela nilikuwa nimeikusanya miezi. Mashine yenyewe haikuwa mbovu, ni nzima kabisa kwa saizi yake, nikamuuzia kijana anayekata kuni za miwati kwa laki nne na nusu na nikamwambia wazi hii ni 61 usidanganyike na stika, nikaibandua mbele yake.

Baada ya hapo nikakaa miezi kama minne sinunui, naangalia tu. Nikaanza kwenda na vitu vitatu kwenye mfuko: spana ya plagi, bisibisi na tochi ndogo. Venia nilikuwa naazima kwa fundi.

Nikipigiwa simu kwamba kuna mashine, kitu cha kwanza namwambia kaka usiiwashe mpaka nifike. Nikifika naweka mkono kwenye ekzosi, ikiwa ya moto najua imepashwa, kwa sababu mashine ngumu kuwaka inaweza kuficha ugonjwa wake ikiwa na joto, asubuhi na baridi ya Mafinga ndipo inasema ukweli. Halafu naishika kwenye mpini wa kamba ya stata naiacha ining'inie. Mashine yenye kompresheni nzuri, yaani silinda inabana hewa vizuri, inashuka kwa kusitasita, inakwama, inashuka kidogo, inakwama tena. Ikiporomoka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi au silinda imekwisha (ila kama ina kile kibonye cha kupunguza kompresheni, hakikisha hakijabonyezwa). Ukiwa na geji ni bora zaidi, lakini kumbuka huku tuko karibu mita 1,900 juu, hewa nyepesi, kwa hiyo geji inasoma chini. Mashine inayosoma psi 130 hapa Mafinga ukiipeleka Dar itasoma 150 na zaidi, na watu wengi wameacha mashine nzima kwa kutojua hilo.

Kisha nafungua ekzosi. Hapa wauzaji wengi huwa wanabadilika sura, anaanza kukwambia ana haraka, ana msiba, na mimi nikiona hivyo naondoka. Ekzosi ni boliti chache tu, dakika tano, na pale kwenye tundu unaiona pistoni kwa tochi. Pistoni nzuri ina mistari midogo ya fundi kiwandani bado inaonekana, ringi imekaa huru. Ukiona michubuko ya wima upande wa ekzosi, hiyo mashine iliwahi kukimbia bila oili ya kutosha au kabureta ilikabwa mafuta ikapata joto, na kama silinda nayo imechubuka unanunua chuma chakavu. Wakati mwingine ni alumini ya pistoni tu imeng'ang'ania ukutani na fundi anaitoa, lakini hiyo ni bahati nasibu, bei yake iwe ya bahati nasibu pia.

Ya mwisho ndiyo naiwasha, naiacha ikae sailensa, yaani inguruma taratibu bila kuvuta mafuta, naigeuza kulia, kushoto, pua chini. Ikipandisha mzunguko yenyewe ukiigeuza, au ukiachia triga ya mafuta ikachelewa kushuka, inavuta hewa mahali, mara nyingi sili za kwenye krenki. Sili ni bei ndogo ila ukiendelea kuitumia hivyo inaunguza pistoni. Na karatasi za mashine uulize, usije ukanunua kesi.

Kwa mtindo huo nikaja kupata mbili ndani ya mwezi mmoja. Moja Husqvarna 272 XP ya kweli, nilipima, 52, kutoka kwa mzee Njombe aliyekuwa anaacha kazi za msituni. Ya pili Stihl 038 Magnum nikaikuta Makambako imekaa stoo, tanki la mafuta limejaa utando, kabureta imeziba, lakini pistoni nilipoiona kwa tochi nikatamani kulia, safi kabisa. Ile nikaipata laki nne kwa sababu haiwaki. Seti ya spea za kabureta, mpira wa mafuta, plagi, haikufika elfu sitini ikanguruma.

Sasa utamu ulikuwa hapa. Hizi mashine mbili kwa makaratasi ni sawasawa, zote silinda 52, zote stroki 34, zote cc 72. Kijiweni wanabishana kila siku ipi kali, mmoja anasema Husqvarna mwingine anasema Stihl, na ukichunguza kila mtu anatetea aliyonayo. Mimi nikasema nipime. Bapa, ule upanga unaobeba cheni, za hizi kampuni mbili haziingiliani hivihivi kwa hiyo nilitafuta mbili zenye urefu mmoja, inchi 20, cheni mpya zote za 3/8, nikanoa mwenyewe kwa tupa ileile, petroli nikachanganya dumu moja, lita 5 kwa mililita 100 za oili, ile 1 kwa 50. Gogo moja la mlingoti, nakata kipande kwa hii nakata kipande kwa ile, kijana wangu anashika saa ya simu.

Kwenye kukata gogo kwa kukatiza, 272 ilitangulia kila mara, tofauti sekunde mbili tatu, kwa sababu inazunguka haraka na ni nyepesi mkononi. Kupunguza matawi ndiyo kabisa, 038 ni nzito kidogo na mwisho wa siku mgongo unajua. Kama ningeishia pale ningesema 272 imeshinda na ningekuwa nimekosea. Jumatatu iliyofuata nikaweka bapa ndefu zaidi, tukachana mbao, yaani unapita na urefu wa gogo dakika kadhaa bila kuachia. Hapo 272 ukiikandamiza kidogo tu inashuka mzunguko, lazima uibembeleze, wakati 038 ukiielemea inaguna tu inaendelea, haina haraka lakini haikati tamaa. Kwenye mlingoti mkavu tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo cc ni zilezile ila moja ina mbio na nyingine ina kifua, na mtu akiniuliza ipi bora namuuliza kwanza wewe unaangusha au unachana?

Watu wananiuliza pia mbona sikuchukua Stihl 070. Ile ni mashine ya heshima, silinda 58, stroki 40, karibu cc 106, inachana gogo ambalo hizi zangu zingelia. Niliwahi kuifanyia kazi ya mtu wiki mbili. Lakini uzito ni zaidi ya kilo kumi bila bapa, nyingi za zamani hazina breki ya cheni, na mtetemo wake usiku vidole vinawasha. Halafu kopi zake zimejaa kila mahali, mtu anakuuzia kopi kwa bei ya OG. Ya Stihl ya kweli namba yake imegongwa kwenye kasha lenyewe, siyo karatasi ya kubandika, na vyuma vyake vina mhuri wa kampuni na namba za spea zinazoanza na 1106, kama 038 inavyoanza na 1119. Hiyo 1119 ndiyo ilinifurahisha, kwa sababu MS 381 iliyokuja baadaye ni ukoo huohuo, spea nyingi za injini zinaingia, kwa hiyo mashine yangu ni ya zamani lakini sitafuti pistoni makaburini.

Kazi zikawa nyingi za kuchana, 272 ikawa inakaa, nikaamua kuiuza. Nilipiga picha ya pistoni kupitia tundu la ekzosi, picha ya venia ikisoma 52, nikarekodi video ya asubuhi ikiwaka ya baridi, na kasoro yake nikaisema: mpini wa nyuma una ufa niliuziba. Watatu walitaka kunishusha, wa nne, wa Kibiti huko Pwani, hakubishana hata kidogo, alisema kaka hakuna mtu amewahi kunionyesha pistoni. Laki saba na nusu.

Ila kabla sijaipakia kwenye basi nikamwambia usiivute mafuta mpaka mwisho kabla hatujaongea. Kabureta hii nimeiset kwa hewa ya Mafinga, huko chini hewa ni nzito, mafuta yaleyale yanakuwa machache, itaimba sauti nyembamba tamu halafu itaunguza pistoni. Nikaifungua skrubu ya H, ile ya mafuta ya mzunguko mkubwa, kidogo mwenyewe, iende na mafuta ya ziada.

Jumapili akanipigia, yuko shambani, akaweka simu chini akaivuta. Nikasikia inakoroma hewani, nzito, kama imekabwa koo. Nikamwambia iingize kwenye gogo. Ikaingia bado inakoroma. Nikamwambia zima, funga H kidogo sana, kama dakika tano za mshale wa saa, vuta tena. Mara ya tatu ikakoroma hewani, ilipogusa mti ikanyooka sauti moja safi, nikamwambia hapohapo, usiguse tena.