Magoti ya Portia

Jumamosi iliyopita, katika harusi ya mtoto wa dada yangu, ulipofika wakati wa keki mshereheshaji alimtaka bibi harusi apige magoti kabla ya kumlisha mumewe. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Shemeji aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza, nami sikuwa na jibu fupi la kumpa, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yamekwisha nitoroka na kwenda kwenye bwalo la shule yetu, usiku wa siku ya wazazi, nilipokuwa nimejitanda shuka la bwenini nikiwa Brutus katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na rafiki yangu, aliyeigiza Portia mke wa Brutus, akiwa amenipigia magoti mbele ya wazazi wetu wote.

Shule ilikuwa ya wasichana, kwa hiyo Warumi wote walikuwa wasichana. Mwalimu wetu wa fasihi alitwambia tusilionee haya jambo hilo, kwa kuwa tamthilia ya Julius Caesar ilipochezwa London mwaka 1599 hapakuwa na mwanamke jukwaani. Portia na Calpurnia, wanawake wawili pekee katika kundi lile kubwa la wanaume, waliigizwa na wavulana ambao sauti zao zilikuwa bado nyembamba, na ilipita miaka zaidi ya 60 kabla wanawake wa Uingereza hawajaanza kuigiza katika majumba ya maonyesho. Kitabu tulichotumia kilikuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyochapishwa mwaka 1963 akiwa Rais na kutolewa tena mwaka 1969 baada ya yeye mwenyewe kuirekebisha. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tulijivunia kwamba mzaliwa wa Butiama ndiye aliyewafanya Warumi wale waseme Kiswahili.

Tatizo katika mazoezi lilikuwa magoti. Rafiki yangu alitoka katika nyumba ambamo binti hupiga magoti kila asubuhi anapowaamkia wakubwa, na alipofika mahali ambapo Portia anamsihi mumewe amweleze siri inayomnyima usingizi, yaani njama ya kumuua Caesar, mtawala wa Roma, alipiga magoti kama alivyozoea, macho chini na viganja vimekutana. Mwalimu alimsimamisha kila mara. Alimwambia kwamba Portia haamkii, anadai. Apige magoti lakini amtazame Brutus usoni. Kwa rafiki yangu mambo hayo mawili hayakuweza kukaa katika mwili mmoja. Akiinua macho, magoti yalinyanyuka yenyewe.

Usiku wa onyesho wazazi walijaa mpaka madirishani. Wakati Portia alipotoka kuniuliza kwa nini nimeondoka kitandani na kusimama kwenye baridi ya alfajiri, bwalo lilikuwa limetulia. Nilimjibu, kama Brutus anavyojibu, kwamba siko mzima wa afya. Akaniambia kwamba ugonjwa wangu umo moyoni, na kwamba kwa haki ya mke anapaswa kuujua. Kisha akapiga magoti. Akina mama waliokaa kwenye mabenchi ya kati walipiga kigelegele, kwa sababu walimwona binti aliyelelewa. Nilinyoosha mkono nikamwambia asipige magoti. Rafiki yangu hakuushika. Aliinua uso akanikazia macho, magoti yakiwa bado sakafuni, akasema kwamba asingehitaji kufanya hivyo kama mimi ningekuwa Brutus yule mpole anayemfahamu.

Sijawahi kutazamwa vile tena, na mtu yeyote. Kigelegele kilikatika. Aliendelea kwa sauti ile ile isiyopanda, akauliza kama ndoa yetu ina sharti kwamba mke ashiriki meza na kitanda tu, na kama ni hivyo basi yeye ni hawara wa Brutus na wala si mkewe. Nilimwambia kwamba ni mke wangu wa haki na wa heshima, na kwamba ni mpenzi kwangu kama damu inayopita moyoni mwangu. Hapo ndipo alipoanza kutaja majina. Alikubali kwamba yeye ni mwanamke, lakini ni mwanamke aliyeolewa na Brutus, mwanamke aliyezaliwa na Cato, Mrumi aliyesifika kwa msimamo wake. Je, mwenye baba kama yule na mume kama huyu anaweza kuwa dhaifu kama wanawake wengine wanavyodhaniwa? Kisha, kama kwamba majina ya wanaume wawili hayakutosha kumdhamini, alisogeza pindo la shuka na kuonyesha paja lililofungwa kitambaa chenye wino mwekundu, jeraha ambalo Portia amejitia kwa mkono wake ili kuthibitisha kwamba anaweza kustahimili maumivu na kutunza siri.

Kutoka benchi la mbele bibi mmoja alipaza sauti: “Mwambie mkeo, baba!”

Baba alikuwa mimi. Niliomba miungu inifanye nimstahili mke yule, kama ilivyoandikwa, na nilitamani kwa moyo wangu wote kumweleza papo hapo. Lakini kilichoandikwa baada ya maombi yale ni hodi mlangoni. Brutus anaahidi kwamba atamweleza mkewe baadaye, na anamwomba aende ndani. Rafiki yangu alisimama bila msaada wangu, akaondoka. Bibi yule akafyonya, na bwalo zima likamsikia.

Aliyebisha hodi alikuwa Ligarius, mgonjwa aliyefungwa kitambaa kichwani. Anaposikia kwamba kuna tendo la heshima analoweza kulifanya, anakivua kitambaa na kutangaza kwamba amepona, naye anamfuata Brutus bila hata kujua kwanza ni tendo gani. Brutus anaahidi kumfafanulia njiani. Katika mazoezi yote sikuwa nimeona jinsi mambo hayo mawili yalivyopangwa bega kwa bega, na sidhani kwamba Shakespeare aliyapanga hivyo kwa bahati tu. Mwanamume anakaribishwa kwenye siri kubwa kuliko zote za Roma kwa kubisha hodi, na mwanamke aliyelala kando ya siri hiyo hiyo amelazimika kuifikia kwa magoti, kwa majina ya wanaume, na mwishowe kwa damu yake. Hakuna aliyemwomba jeraha lile. Alijua tu kwamba hiyo ndiyo fedha inayopokelewa mahali pale.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Caesar alimsikiliza mkewe Calpurnia na kukubali kubaki nyumbani, mpaka alipoambiwa kwamba watu watamcheka kwa kuongozwa na ndoto za mke, akatoka, akauawa. Portia tulimwona mara moja tena, akihangaika mlangoni, akimtuma mtumishi wao Lucius kwenye baraza la Seneti bila kumwambia cha kufanya. Ni dhahiri kwamba wakati huo amekwisha kuijua siri, ingawa tamthilia haituonyeshi saa aliyoambiwa. Kifo chake tulikisikia kwa mdomo wa Brutus, aliyemwambia Cassius, mwenzake katika njama, kwamba mkewe amemeza moto. Nilisema maneno hayo bila chozi, kwa kuwa mwanamume wa heshima wa Kirumi hakuruhusiwa chozi.

Juma lililofuata tulibishana darasani. Mwalimu alishikilia kwamba aibu ya tukio lile ni magoti yenyewe, na kwamba akina mama waliopiga kigelegele hawakuwa wameielewa tamthilia. Rafiki yangu, ambaye hakuwa na desturi ya kupinga walimu, aliomba kusema. Alisema kwamba anapompigia bibi yake magoti asubuhi, bibi huweka chini chochote alichoshika, humwitikia, na humuuliza amelalaje. Kupigiwa magoti kunamfunga anayepigiwa. Bibi wa benchi la mbele, alisema, alifyonya kwa sababu Brutus alipigiwa magoti na hakujibu. Mwalimu alimuuliza kama amewahi kumwona babu yake akimpigia bibi yake magoti. Alijibu kwamba hajawahi kuona, na akakaa chini, lakini hakusema kwamba ameshindwa.

Nimemsoma Portia mara nyingi tangu wakati huo, nikiwa binti na nikiwa mke, na kila ninapokuwa peke yangu na kitabu naona kwamba mwalimu alisema kweli, kwa kuwa heshima inayosubiri mtu ajikate paja ndipo imsadiki haifai kutetewa. Hata hivyo najua kwamba usiku ule, katika bwalo lile, mtu wa kwanza kumdai Brutus haki ya Portia kwa sauti alikuwa bibi ambaye, bila shaka, alikuwa amepiga magoti maisha yake yote. Sijui nimweke wapi katika hoja ya mwalimu, na siko tayari kumwacha nje.