Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Lugha Asiyejaza Notisi Ubaoni

Saa 11:00 alfajiri

Mezani kuna rundo la rasimu. Ni masimulizi ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili, vijana wa miaka 14 na 15, na niliwaahidi kwamba leo nitayarudisha. Alfajiri hii sisahihishi tahajia. Rasimu ya kwanza naisomea jambo moja tu: kuna kitu huyu mtoto anataka kusema? Nikikipata nakipigia mstari na kuandika swali pembeni. "Mlango ulipofunguliwa, nani aliingia?" Basi. Tahajia na alama za uakifishaji zina zamu yake kwenye rasimu ya tatu. Kijana ukimrudishia karatasi iliyojaa wino mwekundu hasomi hata neno moja ulilomwandikia, anatafuta alama aliyopata, anaikunja, anaitia mfukoni. Kwa hiyo kila karatasi inapata swali moja, yakizidi mawili, kwa mwandiko unaosomeka.

Saa 1:15 asubuhi

Chumba cha walimu. Salamu, kusaini daftari la mahudhurio, kuchukua chaki. Mwenzangu mmoja ananiuliza swali lake la kila wiki: "Mwalimu, leo tena vijana wako wanacheza?" Hasemi kwa ubaya. Kwake darasa likiwa kimya maana yake kazi inaendelea. Kwangu darasa likinyamaza muda mrefu ndipo naingiwa na wasiwasi. Anayepita dirishani kwangu huona wanafunzi wamesimama, wengine wanabishana, mwalimu ameinama na kikundi kimoja pembeni, naye hujiambia kwamba huyu mwalimu amejipumzisha. Nimeona niandike siku yangu ilivyo.

Saa 2:00 asubuhi

Kidato cha tatu, riwaya. Kila mwanakikundi amepewa kipande chake: huyu anamfuatilia mhusika mkuu, yule mandhari, mwingine migogoro, mwingine matumizi ya lugha. Wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote hukutana kwanza wakakichambua pamoja, kisha kila mmoja hurudi kwao kuwafundisha wenzake. Mbinu hii aliianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, wakati watoto wa rangi tofauti walipoanza kusoma pamoja na hawaelewani. Alitaka kila mtoto awe na kitu ambacho wenzake hawatakipata wasipomsikiliza. Mimi naipendea wale wanaojificha nyuma ya wasemaji. Leo kijana ambaye ni nadra kunyoosha mkono amezungukwa na wenzake wanaomuuliza, "Sasa huyu anagombana na baba yake au na nafsi yake?" Lazima ajibu, na lazima aonyeshe ukurasa. Ndiyo sheria ya darasa langu: dai lisilo na ukurasa halihesabiwi.

Saa 3:20 asubuhi

Vipindi viwili mfululizo na kidato cha pili. Gazeti la darasa.

Hapa ndipo kelele zinapotoka, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Darasa limegawanyika: washairi, wahoji, waandishi wa habari za michezo na wahariri. Gazeti likikamilika litasomwa na wazazi, walimu na madarasa mengine, na hilo ndilo linalobadilisha kila kitu. Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu, na kuhutubia darasa kwa muda mrefu kulimchosha. Katika miaka ya 1920 akaingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani. Wanafunzi wakawa wanapanga herufi za maandishi yao wenyewe na kubadilishana machapisho na shule nyingine. Kijana anayeandika ili mwalimu atie vema huandika anachodhani mwalimu anakitaka. Akijua kwamba atasomwa na mtu asiyemfahamu, anaanza kuuliza mwenyewe, "Mwalimu, hapa ataelewa?"

Naanza na washairi. Wanatunga tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili. Msichana ananisomea mshororo wake wa kwanza: "Kalamu nimeishika, nataka kuandika." Ameuhesabu kwa vidole na anaapa kwamba umetimia. Namwomba aupige makofi, silabi moja kofi moja. Kipande cha kwanza makofi 8, sawa. Cha pili anapiga 8 pia, lakini masikio ya wenzake yamesikia kitu. Ameipa "n" ya "kuandika" kofi lake. Kikundi kizima kinaanza kupiga makofi. "A-ndi-ka." "A-n-di-ka." Hakuna anayesikiliza mwingine. Naandika "nchi" ubaoni nawaambia waipige. Makofi mawili, maana "n" ile imesimama peke yake. Kisha "ndizi". Makofi mawili vilevile, lakini safari hii "n" imepanda pamoja na "d" na haina kofi lake. Msichana anarudi kwenye mshororo wake, midomo inacheza kimyakimya, kisha anafuta na kuandika: "Kalamu nimeishika, ninataka kuandika." Hakuniuliza kama ni sahihi. Aliupiga makofi mwenyewe, akaridhika, akaenda mshororo wa pili. Ningeweza kuwaandikia kanuni hiyo ubaoni kwa sekunde chache, wangeinakili, na kabla ya muhula kwisha ingekuwa imeshayeyuka.

Kwenye kona ya wahoji kuna ugomvi halisi. Mwanafunzi mmoja alimrekodi bibi yake, aliyejifunza kusoma ukubwani. Ruhusa ya kuchapisha aliomba kwanza, maana bila ruhusa hatuchapishi. Kwenye rasimu ameandika: "Bibi alipokea barua lakini hakuweza kuisoma kwa sababu hakujua kusoma." Mhariri amekwishaweka vema. Nikamwomba atusikilizishe sauti yenyewe. Bibi anasema: "Nikaishika ile barua. Nikaishika tu. Sijui imeandikwa nini, lakini nikaishika."

Wahariri wakasema bibi anajirudia, tukate. Mjukuu akasema bibi hakukosea. Mwingine, ambaye muhula uliopita alikariri maana ya takriri, kurudia neno kwa makusudi ili kulipa uzito, kwa ajili ya jaribio, akasema taratibu, "Si ndiyo takriri hii?" Wakasikiliza tena, mara hii wakiwa wameinamia simu. Wakaamua kuacha maneno ya bibi ndani ya alama za mtajo na kufuta maelezo ya mjukuu. Likazuka suala jingine: baada ya "nikaishika tu" tuweke nukta au mkato? Wanaurudia, wanahesabu anavyovuta pumzi. Mmoja anataka vitone vitatu, wenzake wanamkatalia kwamba ni mbwembwe. Wamekaa na alama moja ya uakifishaji kwa muda mrefu kuliko zoezi lolote la sarufi nililowahi kuwapa, na kengele ilipolia walinikasirikia mimi.

Saa 4:40, mapumziko ambayo sikuyapata

Mlangoni yupo mzazi. Ana daftari la mwanawe mkononi, na amelifungua tayari.

"Mwalimu, mwanangu hana notisi. Nimelipekua daftari lote. Masomo mengine yamejaa, somo lako ni mistarimistari na mishale. Namuuliza mmesoma nini, ananiambia wanatengeneza gazeti. Mimi sikumleta hapa awe mwandishi wa habari."

Nikamkaribisha akae. Alikataa, akaendelea akiwa amesimama. Kwamba enzi zake mwalimu alijaza ubao, anafuta, anajaza tena, nao waliandika mpaka vidole vikauma, na wakafaulu. Kwamba mtoto wa jirani, kidato hichohicho, shule nyingine, ana madaftari matatu. Kwamba jioni mwanawe anazurura uwanjani eti anahoji wachezaji. Mbinu hizi mpya mpya, alisema, zinawachezea watoto wetu.

Ningeweza kumwambia kwamba mbinu ya mradi, kujifunza kwa kutengeneza kitu kama hili gazeti, si mpya hata kidogo, kwamba William Heard Kilpatrick, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliieleza kwa maandishi tangu mwaka 1918. Lakini mzazi mwenye hofu hatulizwi na historia, na hofu yake naielewa: amejinyima ili mtoto asome, na anataka kuyaona masomo hayo yakiwa na uzito mkononi. Nikafungua jalada la mwanawe, ambalo kila mwanafunzi wangu analo, nikampangia rasimu mezani. Ya kwanza: "Timu yetu ilicheza vizuri. Watu walifurahi sana. Ilikuwa siku nzuri." Ya pili imekatwakatwa, mishale kila upande. Ya tatu inaanza: "Kipa wao aliuona mpira akiwa tayari amepiga magoti."

Aliisoma. Akaisoma tena. Kisha akauliza swali ambalo nililitarajia: "Na mtihani utauliza magazeti?"

Hapo ndipo alipokaa, nami nikamweleza kipengele kwa kipengele. Mwanawe alitakiwa kuipunguza habari ya maneno 300 iingie kwenye nafasi ya maneno 100 bila kupoteza jambo la msingi. Huo ni ufupisho. Ili amhoji mchezaji ilimbidi asikilize, atenge hoja, abadilishe usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na usemi wa taarifa ni jambo la mtihani. Yale makosa ya upatanisho wa kisarufi yaliyozungushiwa duara kwenye rasimu ya pili hakuyaona mwalimu, aliyaona mhariri wa miaka 14 aliyekataa kuyapitisha. Mzazi alisikiliza. Alipinga. Akarudi kwenye notisi. Nikamweleza tena. Akamtaja tena mtoto wa jirani. Nilikuwa na kiu, sauti imeanza kukwaruza, na kupitia dirishani nikaona mapumziko yanaisha.

Mwisho tuliafikiana jambo moja: kila Ijumaa mwanawe ataandika ukurasa mmoja wa istilahi za wiki na mifano aliyokutana nayo kazini. Ni ombi la haki, nami nitalifanya kwa darasa zima. Aliondoka akiniambia kwamba bado atasubiri matokeo. Sikumlaumu. Nilinyanyuka na kwenda darasani bila kunywa hata maji.

Mchana

Kidato cha tatu tena, mkondo mwingine, wanageuza hadithi fupi kuwa mchezo wa kuigiza. Wanagundua kwamba msimulizi hana mahali pa kusimama jukwaani. Sentensi "alihuzunika sana" haiigiziki. Lazima iwe kitendo, au ukimya, au jibu fupi kwa swali refu, na ni lazima waamue wenyewe. Kikundi kimoja kimemfanya mama akunje nguo ileile mara tatu. Darasa la jirani limelalamika kelele. Tumehamia nje, jua kali, upepo unapeperusha karatasi, na nusu ya kipindi imekwenda kwenye kuzikimbiza. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha sarufi, kikaenda vizuri.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Bodi ya wahariri ilibaki baada ya masomo. Printa ilikataa karatasi ya nne, tukaifungua, tukaifunga, ikakataa tena. Habari mbili zimezidi nafasi na hakuna anayetaka yake ikatwe. Mhariri mkuu, msichana mpole, aliwaambia wenzake kwamba kila mmoja akate sentensi anayoipenda zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo isiyo na kazi. Sikumfundisha hilo. Nilitaka kumpongeza lakini nilikuwa nimeegemea ukuta, miguu inawaka, nikatikisa kichwa tu, naye akaelewa.

Usiku

Kutoa alama za miradi kuna uzito wake. Kikundi kinaweza kubebwa na watu wawili, na kutoa alama moja kwa wote ni dhuluma kwa wawili hao na udanganyifu kwa waliobaki. Kwa hiyo nina jedwali: rasimu za kila mmoja, maoni aliyowapa wenzake, na maswali mafupi ya ana kwa ana. Namuuliza mtu, "Kwa nini ulibadilisha mwanzo?" Aliyeandika hujibu hata kwa kigugumizi. Asiyeandika hutazama dari.

Najaza jedwali hilo sasa, jicho moja limeanza kufumba. Karatasi mbili zina sentensi inayofanana neno kwa neno, pamoja na kosa lake la tahajia, na wenyewe wamekaa vikundi tofauti. Sitawatuhumu. Nimetia alama ya penseli kwenye zote mbili, na kesho kabla ya kengele ya kwanza nitamwita kila mmoja peke yake anieleze ilikotoka.