Mzigo wa msimamizi wa mchezo

Jioni nzima ya leo nimeitumia kuandaa pambano ambalo huenda lisitokee kabisa. Ndivyo ilivyo michezo ya mezani ya kuigiza wahusika: kila mchezaji huja na karatasi ya mhusika wake mmoja, ilhali msimamizi hubeba waliobaki wote, mji na wenyeji wake, siri zao, maadui, na kanuni zinazowahusu. Kazi hii naipenda kwa dhati, na ndiyo maana nataka kuangalia uzito wake unaelemea wapi hasa.

Hesabu ya leo ni mfano mzuri. Katika toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons, lile la mwaka 2014, pambano la wastani hukadiriwa kwa alama 150 za uzoefu, zinazopima ugumu wake, kwa kila mhusika wa ngazi ya 3, kwa hiyo kundi la wanne lina 600. Goblini mmoja, kiumbe adui mdogo, ana alama 50, na sita wana 300. Lakini kwa kuwa maadui wengi hupata zamu nyingi za kushambulia, jumla ya maadui watatu hadi sita huzidishwa mara mbili, na 300 hizo zinafika 600. Kwenye karatasi, mambo yamekaa sawa. Hata hivyo kila goblini, mwenye alama 7 tu za uhai, anaweza kushambulia na kisha kujificha katika zamu hiyohiyo, maana yake ni kwamba katika uwanja mtupu sita hao watafyekwa upesi, na katika msitu wenye miamba watawatesa kwa mishale wachezaji wasiojua inatoka wapi. Hesabu haiuoni msitu. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 ziliondoa kuzidisha huko, na nadhani zilifanya vyema, ila kuuona msitu bado ni kazi ya msimamizi.

Mezani kuna mzigo wa aina nyingine, ule wa kukumbuka. Mchawi anayeshikilia uchawi unaohitaji umakini akijeruhiwa, lazima arushe dadu na kufikisha 10 au nusu ya madhara aliyopata, ipi iliyo kubwa, la sivyo uchawi huo unakatika. Nani hukumbuka? Mara nyingi ni msimamizi, ambaye wakati huohuo anahesabu uhai wa goblini sita na kutafuta sauti ya kiongozi wao. Naamini kwamba mwenye uchawi ndiye anayepaswa kuijua kanuni ya uchawi wake, na kuwaomba wachezaji jambo hilo si kukwepa wajibu.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamia michezo yenye kanuni chache. Katika Apocalypse World, uliotoka mwaka 2010, msimamizi harushi dadu kamwe: mchezaji hurusha mbili za kawaida, akipata 10 au zaidi amefanikiwa, 7 hadi 9 kwa kawaida amefanikiwa kwa gharama, na chini ya hapo msimamizi huleta balaa. Maandalizi yake nimeyaiga hata katika michezo mizito. Badala ya kupanga matukio, naandika kila mtu anataka nini na atafanya nini asipozuiwa. Mlinzi wa daraja anadaiwa na kiongozi wa goblini. Akiachwa, atawafungulia njia usiku. Sentensi hiyo moja hunifaa zaidi ya kurasa za mazungumzo, kwa sababu haijali wachezaji watapita daraja au watavuka mto kwa mtumbwi.

Lakini wepesi huo nao una bei yake. Kazi iliyotolewa kwenye maandalizi hurudi wakati wa mchezo, pale unapolazimika kubuni balaa la haki papo hapo, tena na tena, mbele ya watu wanaokutazama. Kanuni nyingi huchosha kabla; hata hivyo zikieleweka, hukupumzisha mezani, kwani zinajibu kwa niaba yako.

Kwa hiyo kuanzia kikao kijacho mchezaji mmoja atatunza orodha ya zamu, mwingine ataandika kumbukumbu, na kila mmoja atasoma kanuni za uwezo wake kabla ya kuja. Mimi nitabaki na ramani, matakwa ya wenyeji, na uamuzi pale kanuni isipopatikana haraka: nitaamua, tutaendelea kucheza, na kitabu tutakifungua baada ya kikao.