Shokapu ilikatika chini ya Lengai

Dalili ya kwanza niliiona Selela, nikaipita. Tulisimama kununua ndizi, nikainama kukaza mpira wa mzigo, nikaona shokapu ya nyuma ya kwadi yangu imepakwa tope jeusi kuanzia kwenye sili hadi chini. Tangu Mto wa Mbu hatukuwa tumekanyaga hata tone la maji, barabara nzima vumbi jeupe. Tope lingetoka wapi? Ile ilikuwa oili inavuja, na vumbi linaigandia. Nikaifuta kwa kitambaa, nikamwambia shemeji twende, jua linapanda.

Kwadi hii naitumia shambani Karatu, kubebea mbolea na magunia ya mbaazi. Pikipiki ya matairi manne haina presha na tope wala mabonde, na kwa miaka miwili nilikuwa natamani kuipeleka Ziwa Natron. Mwezi wa nane, baada ya mavuno, shemeji yangu anayeendesha bodaboda Mto wa Mbu akakubali kunisindikiza na pikipiki yake. Tukaishusha kwadi kutoka kwenye Canter jioni, tukalala, saa 12 asubuhi tukaanza safari ya kama kilomita 120 hadi Ngare Sero, kijiji cha karibu na ziwa, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wetu wa kushoto.

Mzigo ndio uliokuwa kosa langu kubwa. Nyuma nilifunga dumu mbili za petroli za lita 20, dumu la maji la lita 20, hema na magodoro. Petroli peke yake ni karibu kilo 30, maji kilo 20. Kibandiko kilicho kwenye keria kinasema kilo 40. Nilikijua kibandiko kile tangu siku ya kwanza. Halafu, kwa kuona mzigo ni mzito, nikaongeza upepo wa tairi za nyuma kutoka psi 5 hadi 9. Tairi za kwadi ni nene na laini kwa sababu nazo ni sehemu ya springi. Nilipozijaza hivyo, kila pigo la barabara likaenda moja kwa moja kwenye shokapu.

Na barabara ile inapiga kweli. Imejikunja makunyanzi kama bati, kilomita baada ya kilomita. Ukienda polepole unatikiswa mpaka meno. Ukikimbia unahisi umeruka juu yake, kumbe shokapu ndiyo inayofanya kazi kwa niaba yako, inapanda na kushuka bila kupumzika. Springi ya nje inabeba uzito. Oili ya ndani, inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, ndiyo inayoizuia springi isirushe chombo. Ikifanya kazi mfululizo inachemka, inatoa mapovu, inakuwa nyepesi. Ikiwa sili nayo imeshapasuka, basi kila kilomita inakupunguzia oili. Kwadi yangu ina ekseli moja nzima nyuma na shokapu moja tu katikati. Hakuna ya pili ya kuisaidia.

Baada ya Engaruka nyuma ikaanza kudunda kama mpira. Nikipita shimo moja, inaruka mara tatu. Shemeji akanipita, akaashiria nisimame.

"Shemeji, hiyo nyuma inacheza ngoma. Turudi Engaruka."

Nikamwambia tusogee hadi tuuone mlima vizuri, tutaangalia pale. Ol Doinyo Lengai ulikuwa umeshatokea mbele yetu, mita 2,962, mweupe kileleni kama umemwagiwa chokaa. Weupe ule ni lava yake. Inatoka nyeusi na nyepesi kama maji ya matope, ikipigwa na hewa na unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Nilikuwa nautazama mlima, sikuutazama mkondo wa maji uliokauka mbele yangu.

Kilikuwa kishindo kimoja, kikavu, kama nyundo juu ya chuma. Nyuma ikakaa. Tairi zote mbili zikagusa madigadi, harufu ya mpira unaoungua, kimya.

Nilipolala chini kutazama, pete ya chini ya shokapu, ile bolti inapopita, ilikuwa imekatika nusu kwa nusu. Fimbo yake imepinda. Cheni nayo imelegea, inaning'inia, maana mkono wa nyuma unaobeba ekseli ulikuwa umepanda kupita kiwango chake. Ilikuwa saa sita mchana. Nyuma Engaruka, kama kilomita 30. Mbele Ngare Sero, karibu hivyohivyo. Mtandao hakuna.

Kijana mmoja mchunga mbuzi alitukuta tumeshafungua bolti mbili kwa spana namba 17. Shemeji anaongea Kimaa, wakazungumza, kijana akaondoka mbio. Baada ya nusu saa akarudi na mzee mwenye shuka jekundu na fimbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Poleni. Hicho mkononi ndicho kilichovunjika?"

Nikampa shokapu. Akaipima uzito, akaigeuza, akabonyeza springi kwa dole gumba, akanirudishia. Akachutama, akatazama pale ilipotoka, nafasi tupu kati ya fremu na mkono wa nyuma.

"Huu ni mguu," alisema. "Umevunjika. Wekeni mguu wa mti."

Shemeji alishaanza kukata tawi kavu la mgunga lililoanguka. Mzee akamzuia. Mti mkavu, alisema, utapasuka kama kuni ukipigwa. Akamtuma kijana kwenye mgunga ulio hai, ule wanaouita oltepesi, akaleta tawi lililonyooka, nene kuliko kifundo cha mkono wangu, bado linatoa utomvu.

Urefu ulitusumbua. Shokapu yangu, kutoka bolti hadi bolti, ni sentimita 34 ikiwa haijabeba kitu. Ukikata mti wa 34 utakuwa umeinyanyua nyuma kupita kiasi, na cheni haitakaa sawa, kwa sababu mkono wa nyuma ukishuka au ukipanda, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Kwa hiyo nilimwomba shemeji akalie kwadi, tukainyanyua kidogokidogo kwa mawe bapa chini ya fremu, mimi nikiwa na kidole kwenye cheni. Ilipofika mahali inacheza upana wa vidole viwili, nikasema hapohapo, na nikapima: sentimita 31.

Sasa ncha. Mti unatakiwa kuikalia bolti ya juu na bolti ya chini bila kuteleza, na hatukuwa na drili. Shemeji akataka tuichome bolti yenyewe motoni ili itoboe nafasi yake. Nilikataa, bolti ile ni chuma kigumu, ukiipasha moto hadi iwe nyekundu inalegea, na ndiyo iliyobaki kubeba kila kitu. Mzee alisikiliza, akamtuma kijana tena bomani. Akaja na chuma cha kutilia alama ng'ombe, mpini wake mviringo na unene wake karibu sawa na bolti yangu.

Wakawasha moto kwa kinyesi cha ng'ombe na vijiti. Mzee mwenyewe akakishika chuma kwa kipande cha ngozi, akakilaza kwenye ncha ya mti, akakizungusha taratibu kama mtu anayesaga. Mti ulilia. Moshi wake ulikuwa mtamu, kama wa maziwa ya kibuyu. Alipokitoa, palikuwa na mfereji mweusi, laini, na bolti ilipokaa mle haikucheza. Upande wa pili chuma kilikuwa kimeshapoa kidogo. Alikandamiza kwa nguvu zaidi, mfereji ukatoka na kingo za kuchanika. Tukazifunga ncha zote mbili kwa waya wa kufungia nondo ili mti usipasuke, tukauingiza, tukazungushia mipira ya tyubu juu na chini ili nyuma ikiruka mti usichomoke.

Upepo wa tairi za nyuma nikaushusha hadi 4. Petroli na maji vikahamia kwa shemeji na kwenye keria ya mbele. Mzee tulimpa sukari na majani ya chai yetu yote. Alipokea, akasema jambo moja: "Mkifika, nataka kujua kama mguu umefika."

Tukageuza kurudi Engaruka. Natron sikuiona, wala heroe wake, wala zile nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu karibu na Ngare Sero, ambazo ndizo zilizonitoa nyumbani. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini kusonga mbele na mti ule, nikizidi kujiongezea umbali wa kurudi, nisingethubutu.

Kuendesha chombo kisicho na shokapu ni kazi ya magoti. Kilomita 12 kwa saa, umesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, kila kunyanzi unalipokea kwa mapaja yako. Nikikaa tu, uti wa mgongo unaniambia simama. Kila kilomita tano tunasimama, napapasa ncha za mti, nakaza mpira. Tulifika Engaruka saa moja usiku.

Asubuhi fundi wa hapo, kijana mwenye gereji chini ya mti, aliitazama shokapu akasema, "Dada, pete hii naichomelea dakika tano." Nikamwomba asiiguse. Shokapu ya aina hiyo ndani ina oili na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Ukiipelekea moto wa kuchomelea inaweza kulipuka usoni mwa mtu. Hata kuifungua springi bila kifaa cha kuibana ni hatari, inaruka kama risasi. Alikubali mara moja. Tukajaribu shokapu ya bodaboda, ikawa nyembamba na laini mno. Akaishia kupaka grisi kwenye mifereji ya mti na kuongeza tyubu nyingine, akakataa hela. Kabla ya kuondoka tulipitia haraka magofu ya Engaruka, ile mifereji ya mawe ya wakulima walioacha vijiji vyao karne ya 18. Mawe yamepangwa makavu, bila udongo wa kuyashika, na bado yamesimama.

Kutoka hapo hadi Mto wa Mbu, kama kilomita 60, tulitumia saa sita. Mti ulifika. Nilipokata mipira jioni ile ulidondoka mkononi mwangu ukiwa na joto, mfereji wa juu umeng'aa kama umepigwa msasa, wa chini umechanika kidogo upande mmoja.

Shokapu mpya niliagiza Arusha, nikalipa laki nne na nusu, na mzigo wa nyuma sasa hauzidi kibandiko. Mti nilimpa shemeji. Wiki tatu baadaye alipata abiria wa Ngare Sero, akaufunga kwenye pikipiki yake, akapita bomani kwa mzee. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akaingiza kidole kwenye mfereji wa chini, pale palipochanika, akasema chuma kilitakiwa kirudishwe motoni.