Saa ya baba ilisimama Jumatatu

Kwetu Tanga kuna stori moja ukoo mzima unaijua, kwamba saa ya baba ilisimama dakika ile ile alipokata roho. Msimuliaji mkuu ni kaka yangu. Anaanza taratibu, anashusha sauti, af akifika pale pa mishale kusimama saa nne na dakika kumi na saba usiku, watu wote "subhanallah", na mi mwenyewe nimeiskia labda mara hamsini na sijawahi kuipinga, kwanza sikuwepo. Baba alifariki Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009, mi nilikuwa form three boding Moshi. Nimepanda basi Jumapili asubuhi nafika nyumbani magharibi watu wameshazika, viatu vimejaa mlangoni, mama kakaa ndani kwenye mkeka.

Saa yenyewe ni Seiko 5, ile ya chuma tupu na cheni ya chuma, ambayo haina betri wala huitii ufunguo, inajijaza yenyewe mkono ukitembea. Mjomba alimletea baba kutoka Muscat. Dirishani pake siku zimeandikwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, na baba aliiacha kwenye Kiarabu makusudi, alikuwa akituita tumsomee siku ili ajue pesa ya chuoni, yani madrasa, haipotei bure. Kwenye mirathi kukawa na mjadala nani aichukue, mashamba na nyumba unaweza kugawa ila saa utaikataje, ndo mama akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, iwekeni kwenye thumuni yangu, ile sehemu ya nane ya mjane. Ikabaki kwenye droo ya kabati. Kioo kilikuwa kimeshakwaruzika na kuingia ukungu wa manjano kwa ndani, ukiitazama unaona mishale tu kama kitu kilichozama kwenye chai.

Sasa tuje 2016. Nimeajiriwa, nesi, hospitali fulani Dar, wodi ya wanaume. Wiki ya kwanza inchaji, mkuu wa wodi, ananikuta nahesabu mapigo ya mgonjwa kwa simu, akaniambia mbele ya watu, "Binti, simu unaitoa mfukoni, umeishika na glavu, af utaenda kuweka sikioni. Nunua saa." Alikuwa na haki lakini niliumia ile mbaya. Mshahara wa kwanza ukatoka, Jumamosi nikaenda Kariakoo.

Watu wanadhani kuchagua saa ni kuchagua rangi. Mi nilikuwa na masharti. Moja, lazima iwe na mshale wa sekunde, na uso uwe na vimstari vyote 60. Kulikuwa na kijana pale Mtaa wa Kongo mwenye meza ya saa za digito, akanishikia Casio F-91W, ile nyeusi nyepesi kila mtu anaijua, akasema dada ukitaka kujua orijino bonyeza hiki kitufe cha kulia ukishikilie sekunde tatu, na kweli jina likatokea kwenye kioo, nikacheka. Bei nzuri pia. Lakini kuhesabu mapigo kwa digito ni mateso, manake kichwani unahesabu kumi na nne kumi na tano huku macho yanakuonyesha 37, 38, namba zinagongana unapotea. Mshale hauongei. Unauona tu umefika robo, umefika nusu, unaacha. Dripu ndo kabisa, lita moja kwa masaa manane kwa mpira wa matone 20 kwa mililita ni matone 42 kwa dakika, unasimama pale unatega jicho moja kwenye tone jingine kwenye mshale.

Sharti la pili mkanda uwe wa raba, ngozi inanyonya kila kitu na wodini kila kitu maana yake unaijua. Tatu isiwe na vito vya kung'ang'ania glavu. Nimezunguka toka saa nne hadi jua limekaa kichwani, kila mwenye meza ananitolea za kike zenye vijiwe vinavyong'aa na uso mdogo kama kifungo cha shati, nikisema nataka kubwa yenye namba ananiuliza ni ya shemeji? Mwisho nikapata moja duka la ndani, nyeupe, namba kubwa, mshale wa sekunde mwekundu, shilingi elfu ishirini na tano. Nyuma imeandikwa haiingizi maji, mita 30. Muuzaji akasema hii hata uoge nayo. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba zile mita 30 ni maneno ya maabara, maana yake inavumilia mvua na kunawa mikono, basi. Mi nilinawa mikono mara arobaini kwa siku, nikaoga nayo, nikafulia nayo. Wiki ya tatu asubuhi nakuta kioo kina mvuke ndani.

Ndo nikakumbuka ya baba.

Likizo ya kwanza nikashuka Tanga na saa yangu yenye mvuke. Siku ya pili nikamwambia mama, naomba ile saa ya baba niipeleke kwa fundi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Ichukue, nimekuhibia. Kakako asije akasema umeiba." Hivyo tu. Mi nilijiandaa kwa kilio na mabishano, nikabaki nimesimama pale na maneno yangu yote.

Fundi saa yuko Ngamiani, barabara ya 12, ana meza ya kioo barazani kwa mwenye duka la nguo, mzee wa makamo ana ile lenzi ya kubana jichoni hadi imemwachia alama. Shikamoo, marahaba, nikatoa zote mbili. Yangu akaifungua akaifuta akaiacha ikauke juani juu ya kitambaa, akaweka raba mpya ya ndani ya kuzuia maji, elfu tatu. Akaniambia saa mbaya siyo hii, mbaya ni aliyekwambia uoge nayo. Ya baba akaiweka kiganjani akaitikisa taratibu karibu na sikio, kama mtu anayeskiliza nazi. Akasema hii haijafa. Wengi wanadhani saa kama hii ikisimama imekufa, kumbe imekosa mkono tu, ukiivua ikiwa imejaa inatembea siku moja na nusu hivi hadi mbili, af inasimama. Ila hii imekaa miaka saba, mafuta yameganda, nikiitembeza hivi hivi itasaga meno yake yenyewe.

Akafungua mfuniko wa nyuma kwa spana yake ya miguu mitatu, nikaona kile kipande cha nusu duara kinachozunguka mkono ukitikisika, hicho ndo kinachoijaza springi. Akanisomea namba za mfunikoni, akasema tarakimu ya kwanza ni mwaka, hapa nane, na kwa mashine hii ni 78 au 88. Mjomba alikuja na hiyo saa 1989, kwa hiyo tukaona ni 88, imenizidi umri miaka minne. Gharama elfu thelathini na tano pamoja na kioo. Nikamuuliza kioo si apige polishi tu kwa dawa ya meno kama wanavyofanya, akaniangalia kwa jicho lisilo na lenzi. "Hiyo ni kwa kioo cha plastiki, binti. Hiki ni kioo kioo. Kinatolewa."

Akakitoa. Nilikuwa nimekaa kwenye kibenchi pembeni nachat, nikaskia kitu kimelia kidogo, ki, af akaniita. "Njoo unisomee hapa, we umesoma chuo? Mi macho yangu haya kwa Kiarabu kidogo kidogo hayawezi." Nikainama. Uso wa saa uko wazi, mara ya kwanza tangu sijui lini, weupe wa fedha, mishale imelala saa nne na dakika kumi na saba kama kaka anavyosema siku zote. Dirishani tarehe 16. Pembeni yake kimeandikwa ithnayn.

Nikasoma kwa sauti, "Ithnayn. Jumatatu."

"Jumatatu tarehe 16," fundi akasema, kwake ilikuwa kazi tu, anataka ajue vidude vya siku na tarehe vilikuwa vinakwenda sawa kabla haijasimama. Mi nikatoa simu nikarudi kwenye kalenda hadi Machi 2009 japo nilikuwa najua jibu. Jumamosi 14, Jumapili 15, Jumatatu 16.

Kwa hiyo haikusimama na baba. Nikakaa kwenye kibenchi nikaanza kupiga hesabu kama tunavyopiga za dripu. Jumamosi usiku nesi wa pale hospitali alimvua baba saa akampa kaka, hiyo kaka husimulia. Kaka akaitia mfuko wa shati, usiku kucha anahangaika, gari, sanda, kwa sheikh, makaburini, Jumapili mchana anabeba jeneza na saa iko mfukoni kwenye shati inatikisika inajijaza. Alivyompa mama Jumapili jioni ilikuwa imejaa ya kutosha. Mi nimefika magharibi. Yani nimeingia mule ndani, nimelia, nimelala, nimeamka Jumatatu, na saa ya baba iko kwenye droo mita mbili toka kichwa changu inatembea. Miaka saba najiambia nilichelewa kila kitu. Kuna kimoja sikuchelewa, na hakuna aliyefungua droo.

Fundi akauliza, "Nisogeze?" Maana ili ajaribu lazima asogeze mishale na tarehe. Nikamwambia subiri, nikapiga picha, mkono unatetemeka picha ya kwanza ikatoka ukungu nikapiga ya pili. Af nikasema sogeza. Akavuta kile kidude cha pembeni, kwenye hii kiko namba 4, kimezama kidogo, akazungusha huku tarehe zinaruka, akazungusha huku siku zinapita Kiarabu, Kiingereza, Kiarabu. Akanionya nisibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, masaa hayo meno ya tarehe yanakuwa yameshaumana, ukilazimisha unavunja. Akaniambia nirudi baada ya siku nne, anaiosha yote, anatia mafuta, af anaivaa yeye mwenyewe siku mbili aone inakimbia au inachelewa.

Nyumbani nikamkuta mama jikoni. Nikamwonyesha picha, nikaanza kueleza kwa kirefu kama mtu wa mahakamani, tarehe, siku, hesabu. Akanikatisha.

"Nani kakwambia ilisimama Jumamosi?"

"Si kaka."

"Usiku ule wa kuamkia Jumatatu nilikuwa naiskia kwenye droo, tik tik tik, kabati lile la mbao linakuza sauti. Sikulala. We ulikuwa umelala hapo miguuni kwangu, umejikunja kama pweza. Jumatatu usiku nikaiskia, af sikuiskia tena."

"Mama! Mbona hukusema?"

Akageuza kitunguu kwenye mafuta. "Kakako alishaanza kusimulia. Ungetaka nimwambie nini, mwanaume analia anasimulia."

Nikataka kumuuliza kwanini hakuniamsha. Sikuuliza. Niliogopa asije akajibu kwamba alijaribu.

Siku ya nne nikaenda kuichukua. Fundi kaivua mkononi kwake akanipa ikiwa na joto, akasema inawahi sekunde ishirini hivi kwa siku, kwa umri wake hiyo ni afya. Kioo kipya kinang'aa kuliko chuma chenyewe, hakijaendana kabisa, kama mzee na meno bandia. Cheni alipunguza pingili nne bado inanicheza. Mshale wa sekunde wa saa yangu nyeupe unaruka, tik, tik, na nusu ya vimstari unavikosa. Wa hii hauruki, unateleza, ukisogeza jicho karibu unaona vihatua vidogo vidogo, sita kwa sekunde moja alisema fundi. Wodini siivai. Cheni inachana glavu, na ikianguka kwenye sakafu ile sina wa kumlilia. Wodini ni ile nyeupe ya elfu ishirini na tano, na toka iwekwe raba haijapata mvuke tena, ni saa nzuri sana nisiiseme vibaya. Ya baba naivaa nikitoka, na ikikaa siku mbili bila kuvaliwa inasimama, naitikisa naiweka sawa. Siku nimeiacha kwenye Kiarabu.

Idd iliyofuata tulikuwa wote Tanga. Baada ya pilau watoto wamezunguka, kaka akashusha sauti, nikajua tumefika. Akaisimulia yote, hospitali, usiku, nesi anaivua, saa nne na dakika kumi na saba, imesimama, na mashangazi wakaitikia subhanallah kama kawaida. Mama alikuwa anakunywa chai anaangalia mlangoni. Mtoto wa mwisho wa kaka, wa miaka sita, alikuwa kakaa karibu yangu anachezea mkono wangu, akaweka sikio kwenye saa, akainua kichwa akafungua mdomo kusema. Nikamtia tende mdomoni nikavuta mkono wa baibui ukaifunika.