Siku moja maishani mwangu: kongosho linapowaka

Saa 1 asubuhi. Muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi mgonjwa wa kitanda cha dirishani: baba wa kilo 70, siku ya nne wodi ya mahututi, kongosho limevimba kwa sababu ya jiwe la nyongo. Figo na mapafu yamelegea kwa zaidi ya saa 48, kwa hiyo huu ndio uvimbe mkali wa kongosho. Naweka kiganja tumboni, anakunja uso hata sijabonyeza. Kwanza morfini. Maumivu yakimzuia kuvuta pumzi, mapafu yanazidi kuelemewa.

Saa 2. Mkojo. Nainama kwenye kipimo: mililita 28 kwa saa iliyopita, rangi ya chai iliyokolea. Kwa uzito wake nataka angalau 35. Zamani dripu iliachwa ikimbie tu. Utafiti wa WATERFALL wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba maji ya kasi yanawajaza wagonjwa mwilini bila kuwapa nafuu ya ziada. Nasikiliza mapafu, namwita daktari, anaagiza Ringer, dripu ya maji yenye chumvi, mililita 250 taratibu, kisha tupime upya.

Saa 4. Raundi. Antibiotiki? Bingwa anakataa: hakuna dalili ya maambukizi, na kuzitoa kwa kinga tu hakusaidii. Namuunga mkono kabisa.

Saa 5. Chakula. Nainua kichwa cha kitanda, nahakikisha mrija wa puani umefika tumboni, napitisha lishe laini kidogo kidogo. Wengi bado wanaamini kongosho lipumzishwe kwa njaa. Utumbo usiopata chakula unadhoofika, na vijidudu vyake vinapata njia ya kwenda kwenye nyama ya kongosho iliyokufa kwa uvimbe. Leo hajatapika, nimefurahi mno.

Saa 8 mchana. Mkewe amekuja na chupa ya supu ya mbuzi. Namweleza kwamba mafuta yale bado.

"Sista, mbona hamumpasui mkatoa kilichooza?"

"Mama, sasa hivi huko ndani kumekuwa laini, ukikata mapema damu inavuja. Tukiweza tunasubiri kama wiki nne, kilichokufa kijitenge. Kikiingia usaha, tunaanza na mrija wa kuutoa kupitia ubavuni."

"Na jiwe?"

"Mfuko wa nyongo utatolewa na mawe yake, uvimbe ukishatulia. Ukibaki, ugonjwa unaweza kurudi."

Ananishika mkono, anauliza yote tena. Naeleza yote tena.

Saa 10. Sukari imepanda, insulini.

Saa 12 jioni. Mkojo mililita 41. Oksijeni tumeipunguza kidogo.

Saa 1 usiku. Nakabidhi. Namwambia mwenzangu aendelee na lishe, apime mkojo kila saa, asiongeze maji kabla ya kusikiliza mapafu. Homa ikipanda au presha ikishuka, ampigie bingwa usiku huohuo.