Ukishuka Kilimanjaro anza na mtori, piza waachie wenyewe

Kabla sijapanda Kilimanjaro nilipewa ushauri wa kila aina: soksi, vidonge, maji, namna ya kupumua. Kuhusu kula baada ya kushuka niliambiwa jambo moja tu, na mtu wa ofisi iliyotupangia safari: "Mkifika Moshi nendeni mkale piza, mtakuwa mmeivuna kwa jasho." Mengine yote aliyotufanyia namshukuru. Kwa hilo la piza, bado nina neno naye.

Kwanza mjue tumbo linalotoka mlimani ni tumbo la namna gani. Njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala, na mapishi yake si mabaya hata kidogo. Mandara, kituo cha kwanza, bado unakula kama uko kwenu. Horombo, mita 3,720, unaanza kuchagua. Kibo, zaidi ya mita 4,700, sahani ikiletwa unageuza uso. Mpishi wetu, kijana mpole, alitusimamia kama watoto wa chekechea: "Dada, vijiko vitatu tu, halafu nakuachia." Supu ya karoti, tambi, uji, bisi na chai jioni, kesho yake supu tena. Nilimuuliza mbona maharage hatuyaoni. Akacheka. Kule juu maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, kwa hiyo utawasha jiko mpaka gesi iishe na maharage bado yatagonga meno. Tangu aliponiambia hivyo sikuwaza kitu kingine ila maharage. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye wali wa nazi na samaki, maharage nyumbani nilikuwa nayasusa.

Halafu hamu ya kula hairudi kileleni. Pale Uhuru, mita 5,895, ukiulizwa unataka nini utasema unataka mama yako. Inarudi wakati wa kushuka, na inarudi kwa fujo. Unateremka mpaka Horombo siku ileile, kesho yake unaendelea hadi lango la Marangu lililo kwenye mita 1,860 au zaidi kidogo. Ni zaidi ya mita 4,000 za kuteremka ndani ya siku mbili, na magoti yanajua. Mimi njaa ilinikamata msituni, chini ya Mandara, kwenye ukungu na zile nyani za huko. Nikaanza kunusa vitunguu vinavyokaangwa wakati hapakuwa na jiko lolote karibu.

Basi mara ya kwanza tukafuata ushauri. Tukasaini kitabu, tukachukua vyeti, picha, gari, Moshi. Mkahawa wenyewe ulikuwa ghorofani. Naomba uirudie hiyo sentensi: ghorofani. Kupanda ngazi si tabu, tabu ni kushuka. Tukajikongoja juu tukiwa na kandambili, maana kucha za vidole vikubwa zilikuwa zimeshabadilika rangi. Mbele yetu kulikuwa na kundi kubwa la wageni lililotoka mlimani siku hiyohiyo, wote wamekwishaagiza. Mhudumu alikuwa mwungwana sana. Kila baada ya muda alikuja kutuambia "inakuja". Rafiki yangu alilala juu ya meza, shavu limebandikwa kwenye orodha ya vyakula, na bei zilizoandikwa kwa dola zikamchorea alama usoni. Mimi nilikula vijiti vya kuchokolea meno, sitanii, nilivitafuna kimoja kimoja.

Piza ikaja. Jibini imelala juu yake nene, inavutika. Tumbo lililokaa siku zote zile na supu ya karoti likaitazama na kuuliza hiki nini. Vipande viwili tu nikashiba vibaya, shibe ya kukera, njaa ikiwa palepale nyuma yake. Kisha tumbo likadai haki yake na choo kilikuwa chini. Nilishuka ngazi zile kinyumenyume nimeshika ukuta kwa mikono miwili, watoto wa mtaani wakinishangilia. Nilipofika nikakuta choo cha kuchuchumaa. Anayejua hali ya mapaja siku ile hahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo chagua pa kula kwa kuangalia choo kwanza, chakula baadaye. Usiku ule tuliishia kando ya barabara tukila mishikaki na ndizi za kuchoma kwa elfu chache, na ndipo roho iliporudi mahali pake.

Sasa mbinu yenyewe. Nilipopanda tena, kiongozi wetu, mwenyeji wa Marangu, alinicheka niliposimulia habari ya piza. "Dada, sisi tukishuka hatukimbilii mjini. Tunakula Mtoni." Marangu Mtoni iko chini kidogo ya lango, pana soko na vibanda vya mama ntilie, na wapagazi wote wanapajua. Ila kuna shida moja: ukifika saa tisa mchana bila taarifa, mtori umekwisha au haujapondwa. Mtori haupikwi kwa haraka. Ndizi za mshare zichemke na nyama yenye mifupa mpaka zilegee, zipondwe, zirudishwe jikoni, maziwa au siagi iingie. Nyama ya kuchoma nayo ndiyo hivyo, ukiagiza ukiwa umeshakaa utaisubiri mpaka usinzie.

Tukapiga simu kutoka mlimani. Horombo mtandao upo, na mwaka 2022 kampuni ya simu ya TTCL walipeleka hata intaneti ya kasi. Tatizo ni betri, baridi inaimaliza. Simu yangu nililala nayo ndani ya begi la kulalia, tumboni, imezimwa, nikaiwasha asubuhi kabla hatujaanza kuteremka. Mama ntilie wa Mtoni akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, uko wapi, mbona upepo hivyo?"

"Niko Horombo. Naomba mtori, tunafika mchana."

Kimya. Halafu, "Mtori? Umejifungua huko mlimani?"

Wachaga, kwa asiyewajua, mtori ndio chakula cha mzazi. Nikamwambia nimejifungua kilele. Alicheka mpaka nikahofia salio. Kisha akaniuliza la maana: tuko wangapi, nani hali nini. Mwenzangu mmoja hali kitimoto, kwa hiyo tukasema mguu wa mbuzi. Kama wote mnakula, kitimoto ya kuchoma Moshi haina mpinzani, agizeni kwa kilo na pilipili mbichi, lakini hiyo ni ya kesho yake, si ya siku ya kushuka. Mafuta mengi siku ile ni kesi.

Ukipiga simu ukiwa Mandara umechelewa. Horombo hadi langoni ni kama saa tano au sita za mwendo, na huo ndio muda mama anaouhitaji.

Tulipofika, mabakuli yalikuwa yanafuka. Hapakuwa na ngazi wala orodha, benchi tu na meza yenye plastiki ya maua, na choo cha kukaa kwa jirani, nilikwishauliza kwenye simu. Mtori ule ulishuka bila kutafunwa. Chumvi yake, mchuzi wa mifupa, ulaini wa ndizi, tumbo halikuuliza swali hata moja. Ndani ya dakika chache nikahisi vidole vyangu vina joto tena. Nikaongeza bakuli. Ndipo mbuzi akaja kwenye sinia, amekatwakatwa, na ndizi za kuchoma, kachumbari, ndimu, chumvi pembeni. Huo mpangilio ndio siri: laini kwanza, nyama baadaye. Anayeanza na nyama atakula nusu ya alichokilipia.

Mama akatuongezea kitu tusichoagiza: kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja vikapondwa. Maharage! Yameiva! Nililia kidogo, na wapagazi waliokuwa meza ya pili wakadhani nimeumwa.

Mbege mtaletewa, hamwezi kukwepa. Ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, tamu na chungu kwa pamoja, inaonekana ya kiungwana. Mwili uliokauka maji namna ile usiupe zaidi ya vifunda viwili. Kiongozi wetu alinionya, mwenzangu hakuonywa, na kurudi Moshi aliimba nyimbo za shule ya msingi njia nzima, kuanzia Himo.

Gharama sikuandika. Tulikuwa meza imejaa, na kiongozi na mpishi tukiwa nao, na jumla haikufika bei ya piza mbili za kule ghorofani. Wapagazi tuliwanunulia mtori nao, mbali na bahashishi. Bahashishi ni jambo lingine kabisa, hailipwi kwa bakuli, msijidanganye.

Asubuhi yake, kabla ya basi, nenda karibu na stendi ya Moshi ukatafute supu ya makongoro na chapati. Ndimu nyingi, pilipili kiasi. Muuzaji atakuona unavyokaa, kwa awamu, mkono kwenye meza kwanza, naye atajua ulikotoka bila kuuliza. Wangu aliniongezea mchuzi bure. Na ukikata tiketi omba kiti cha kando ya korido, maana magoti hayakubali kukunjwa mpaka Korogwe.